Kofia ya Askari

Fundi viatu wa hapa Bigwa akipaka ngozi mafuta, harufu ile hunirudisha kwetu mlimani, nilipokuwa msichana mdogo.

Askari wa Wajerumani walikuja kusaka vijana wa kubeba mizigo. Kaka yangu alikataa, wakamlaza kifudifudi uani. Mmoja wao, mwenye kiboko cha ngozi kilichong'aa mafuta, alivua kofia akanipa.

"Nishikie, mwanangu. Isiingie vumbi."

Mama akamwuliza, "Baba, wewe huna mama?"

"Ninaye, mama. Nimeamrishwa."

Akaanza kupiga. Niliikumbatia ile kofia hata kaka alipoacha kulia.

"Ahsante, mtoto mzuri," askari akaniambia. Nikafurahi.

Walipoondoka na kaka, mama alinipeleka mtoni, akanisugua viganja kwa majivu mpaka vikachubuka.