Elphas na Mkoba wa Kijivu

Ndugu yangu Elphas anachimba udongo mweupe kule Kariandusi, ule unaosagwa ukawa laini kushinda unga wa chapati. Jioni akirudi mtaani kwetu Rhonda, Nakuru, nyusi zake ni nyeupe kama za mzee wa miaka tisini, naye ana thelathini na moja tu. Ni mtu wa maneno machache. Maneno yote ya familia nilipewa mimi, Nekoye, dada yake mkubwa, ninayeuza mitumba ya watoto wachanga hapa hapa Rhonda. Na nisije nikaambiwa nampendelea: Elphas ni mbishi, na akinyamaza ndiyo mbishi kabisa.

Kwetu, na kwa majirani wengi, nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajazaliwa. Wanasema ni kuita mkosi. Ndiyo maana wateja wangu wengi ni kina baba waliotoka hospitalini mbio, jasho likiwatoka. Ukiwauliza wanataka size gani, wanatazama angani. "Size ya mtoto," wanajibu, kana kwamba ningewauzia suruali ya chifu.

Mimi imani hiyo sikuwa nayo. Miaka miwili iliyopita Chesang, mke wa Elphas, alipofikisha miezi saba, niliwachagulia nguo nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Elphas akanunua mkoba wa kijivu wenye zipu mbili, akapiga nguo pasi mwenyewe, akazipanga. Siku ilipofika walikwenda nao hospitalini. Mtoto wa kiume alizaliwa, hakulia. Elphas alirudi nyumbani akiwa na mkoba ule ule, umejaa vile vile, hakuna hata soksi iliyotoka. Waliomwona njiani walidhani anatoka safari. Aliuweka juu ya kabati, na kwa miaka miwili hakuna aliyeigusa zipu yake.

Shangazi zetu walinipigia simu kuniambia wanajua kosa ni la nani. Niliwakatia. Lakini nikiwa peke yangu nilijilaumu, maana nguo zilitoka mezani kwangu.

Kwa hiyo Chesang aliposhika mimba tena, hakuna aliyetaja nguo. Hata mimi, na domo langu hili, nililifunga. Wiki ya thelathini na mbili presha ikampanda, madaktari wakamfanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Akatoka Lynn, kilo moja na gramu mia tatu tisini. Alilia, kisauti chembamba cha paka, lakini alilia.

Sista wa wodi alisema mtoto wa namna hiyo anakuzwa kwa joto la kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, na mama bado hakuweza hata kukaa kitandani. Akamtazama Elphas. Elphas akatazama mikono yake. Nilimwona akienda kwenye sinki, akajisugua vumbi la Kariandusi kutoka kucha hadi shingo, akarudia, akarudia tena, mpaka sista akamwambia, "Baba, imetosha, utabaki mifupa." Akafungua shati, akawekewa binti yake kifuani amevaa nepi, kofia na soksi tu, wakafungwa pamoja kwa leso pana ya Chesang. Wenzake mgodini walipopata habari walimtania kwamba siku hizi ananyonyesha. Kila akitoka kazini alikwenda wodini, na hata Chesang alipopata nguvu walipokezana.

Akitoka huko alipitia kwangu na kutaja namba, basi. "Elfu moja mia nne ishirini." Kesho yake, "Mia nne hamsini." Sista alikuwa amesema mtoto akifika gramu elfu moja mia nane, na ananyonya vizuri, wataruhusiwa. Mtaa mzima ukaijua hesabu hiyo. Nikaanza kumwita mtoto Gramu, na namwita hivyo mpaka leo.

Jioni moja alikuja akaketi juu ya belo la nguo bila kutaja chochote.

"Imekuwaje?" nikamuuliza.

"Amepungua thelathini."

Hofu ilinishika, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. "Gramu thelathini? Hiyo si ni susu tu, mkojo wa mara moja. Mtoto akisusu si lazima apungue? Toka kwa belo langu, uende ulale, kesho umbebe."

Alikwenda. Nilipobaki peke yangu nililia, kisha nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Chini ya meza yangu kulikuwa na katoni. Tangu siku Lynn alipozaliwa, kila nikifungua belo nilitoa nguo ndogo kuliko zote, zile ambazo kina mama hawazitaki kwa sababu zitambana mtoto baada ya wiki mbili, nikazificha humo. Jioni ile niliongeza kofia ya manjano. Kama ni kuita mkosi, niliuita, na nilikuwa tayari kupigana nao.

Lynn alipotimiza wiki tano na siku mbili, Alhamisi, Elphas alikuja mchana. Alisimama mbele ya meza yangu kama mteja.

"Elfu moja mia nane ishirini," akasema. "Sista amesema kesho tulete nguo za kwenda home."

Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia. Nikamuuliza ninavyowauliza wengine wote, "Size gani, boss?"

Elphas hakutazama angani. Alikunja mikono ya shati, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza. "Kichwa kinakaa hapa," akasema, akagusa kiwiko. "Miguu inaishia hapa." Akagusa mahali kiganja kinapoanzia. "Na shingo ni nyembamba, usinipe kitu cha kubana." Kwa miaka yote niliyouza mitumba sijawahi kupewa kipimo kama hicho na mwanamume. Niliinama nikaivuta katoni ili asiyaone macho yangu.

Nilimletea na mkoba mpya. Akaukataa. Tulipofika kwake alipanda kiti, akauteremsha ule wa kijivu, akaupangusa, akafungua zipu. Nguo za kaka yake Lynn zilikuwa humo, pasi yake bado inaonekana kwenye mikunjo. Alizitoa moja moja, akaziweka kwenye droo. "Hizi ni kubwa. Atazifikia," akasema. Shali nyeupe peke yake ndiyo aliyobakiza mkononi. "Hii atabebwa nayo kesho. Ni ya kaka yake." Tuliifua, tukaikausha juu ya jiko, maana Julai ya Nakuru haina jua la kutegemea. Kisha akapanga: sweta mbili, kofia mbili na soksi jozi tatu kutoka katoni yangu, nepi, dera la Chesang na leso yake. Nilijaribu kupanga mimi, akaniondoa mkono.

Kesho yake asubuhi wodini alimvisha Lynn kila kitu. Sweta juu ya sweta, kofia juu ya kofia, soksi zote sita katika miguu miwili. Chesang, ameshavaa dera na leso yake, alicheka mpaka akashika kidonda chake. Sista akaja akasimama, mikono kiunoni.

"Baba, huyu mtoto ataiva."

Akamvua sweta moja, kofia moja na soksi za ziada, akampa Elphas. Mimi mtu wa kupenda usafi nilizichukua mkononi mwake nikazitia mkobani.

Elphas akazitoa. "Hapana, dada," akasema polepole. "Humu hakirudi kitu."

Sweta akaitia katika mfuko wa koti, kofia katika mfuko wa pili, soksi akampa mama wa kitanda cha jirani pamoja na nepi zilizobaki. Kisha akaugeuza mkoba chini juu, akaukung'uta. Hapo ndipo nilipoelewa, na wodi nzima ilinisikia nikilia kwa furaha.

Tuliingia Rhonda saa sita mchana. Chesang alimbeba Lynn katika shali nyeupe, mimi mbele nikipiga vigelegele vya miaka miwili, majirani wakitoka milangoni na mikono yenye sabuni. Elphas alikuja nyuma ameshika mkoba kwa mshipi mmoja, zipu zote mbili wazi, ukining'inia mwepesi mbele ya kila aliyetaka kuona.

Uani aliuangika kwenye kamba ya nguo. Ulikaa hapo siku tatu. Jirani mmoja aliona mkoba mkavu unaanikwa, akamuuliza kulikoni.

"Umerudi mtupu," Elphas akamwambia, akaingia ndani kumbeba binti yake.