Jibu la Malale Nililoandika

Siku yangu ya kwanza maabara ya hospitali, miaka ile ya ruksa, biashara zilipoanza kuachiwa huru, Mkuu wa Maabara alinikalisha mbele ya hadubini akasema, "Binti, hapa tunaangalia vioo, hatuangalii saa." Tulipaka damu kwenye kioo, tukaitia rangi, tukatafuta vimelea mpaka shingo zikakakamaa.

Mwaka wa tatu, Lazaro, mfugaji wa magharibi ya Mlima Meru, alimleta mkewe, Naishorua, akiwa na mtoto mgongoni. Homa ilikuwa haimwachi, na mguuni alikuwa na kidonda alipoumwa na mbung'o. Daktari alishuku malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mdudu huyo. Niliweka tone la damu mbichi chini ya hadubini. Pembeni kabisa nikaona chembe nyekundu zikisukumwasukumwa na kitu chembamba kinachojipenyeza. Nikamwachia Mkuu athibitishe, kama ilivyokuwa kawaida, bila kumwambia nilichoona. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Sote tulijua, ila hakuna aliyethubutu kulitaja.

Aliangalia kwa muda mrefu. "Sioni kitu. Andika hakuna."

Nikaandika hakuna. Naishorua akarudishwa nyumbani na dawa za malaria. Baada ya wiki kadhaa aliletwa tena, hajitambui, damu yake imejaa vimelea, akafia wodini.

Mkuu aliniita ofisini. "Siku ile ya kwanza, ulikuwa umekiona kimelea?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Mbona hukuniambia?"

Yeye aliandika barua ya kuacha kazi, mimi nikabaki. Maabara za binafsi ziliporuhusiwa nikafanya kazi katika moja ya mtaa wa Levolosi, baadaye nyingine karibu na Makumira, mpaka nikawa Mkuu mwenyewe.

Mwaka wangu wa mwisho, watafiti walikuja kujaribu kipimo kipya cha malale, cha vinasaba. Kilikuwa na chembe za dhahabu, ndogo hata hadubini haizioni, zilizobandikwa kipande cha vinasaba kinachonasa vinasaba vya kimelea. Vikishikana, maji mekundu hugeuka zambarau. Sampuli niliyokwisha kuisoma kwa hadubini kuwa safi iligeuka zambarau mbele yangu. Watafiti wakapeana mikono. Mimi nikatoka nje kukaa.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya maabara mtapata vipimo vizuri kuliko hicho, nami nafurahi. Lakini jibu la Naishorua halikukosewa na kipimo.

Nilipostaafu nilikwenda kwa Lazaro. Alinipa chai ya maziwa, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo uliona?"

"Niliona, baba. Nikanyamaza."

"Angepona?"

"Dawa ilikuwepo."

Akachukua fimbo, akatoka kwenda kwa ng'ombe wake. Nilimsubiri mpaka chai ikapoa, hakurudi. Binti yake, ambaye siku ile ya kipimo alikuwa mgongoni mwa mama yake, ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani.