Mektilda na Mbwa Wake Mla Mavi

Mektilda alikuwa mwanamke wa Kichagga kutoka Kibosho, mrefu, mwenye mikono mipana, na utumbo wa ng'ombe alioosha yeye ulikuwa mweupe kuliko mashuka yangu. Alikuja Dar es Salaam miaka ile ya hamsini kumfuata mumewe Wilbert, fundi wa reli kule mtaa wa Gerezani. Alipofika tu, reli ikamchukua Wilbert. Leo Morogoro, kesho Tabora, keshokutwa hajulikani. Mektilda akabaki peke yake katika nyumba ya Mzee Mwinyimvua, Mtaa wa Narung'ombe, akipika supu ya utumbo na kuiuza kando ya soko la Kariakoo.

Mimi naitwa Zamda, ila pale nyumbani wote waliniita Mama Sitara. Chumba changu kilipakana na chake, na ukuta ulikuwa wa udongo. Kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa.

Jumatatu ya Pasaka binamu yake Mektilda, mpishi wa Wazungu kule Oyster Bay, alimletea kapu. Ndani ya kapu mlikuwa na mtoto wa mbwa, mwekundu, masikio yamelala. Mektilda akamwita Pasaka. Sasa, nyumba nzima tulikuwa Waislamu isipokuwa Mektilda, na mate ya mbwa kwetu ni najisi, kila mtu anajua. Lakini mwizi alikuwa amepita uani mwezi ule, akabeba sufuria ya Mektilda ya supu, na kwa kuwa mikono ilikuwa bado ina nafasi, akabeba na birika la shaba la Mzee Mwinyimvua. Mzee alipoliona kapu alikohoa, akaangalia pale birika lilipokuwa likikaa, akasema, "Asiguse mitungi ya maji." Basi, mbwa akapata makazi.

Asubuhi nilimsikia Mektilda akiongea naye Kichagga. Siku moja nikamuuliza anamwambia nini.

"Namsalimia tu, Mama Sitara," akasema. "Tangu nije huku sijapata wa kusalimiana naye kwa lugha ya kwetu. Wilbert akirudi analala."

 Toka siku ile nilitaka mbwa yule abaki.

Tatizo ni kwamba Pasaka alikula mavi. Nalitaja kwa jina lake, maana hakuna namna ya kulipamba. Mavi ya kuku alikula, ya mbuzi alikula, na ya binadamu ndiyo aliyoyapenda hasa. Alikuwa akitokea nyuma ya rundo la makuti kule mwisho wa uani, analamba midomo, ametosheka, kisha anakuja kukusalimu.

Mtu aliyeumia zaidi alikuwa Bwana Rajabu. Huyu alikuwa karani wa bohari moja bandarini, kijana hajaoa, suruali nyeupe zilizopigwa pasi hadi mkunjo ungeweza kukata mkate. Alijipaka poda shingoni. Leso yake ilinukia. Na Mungu ana vituko vyake, maana katika nyumba nzima Pasaka hakumpenda mtu kama alivyompenda Rajabu. Rajabu akitoka chumbani alfajiri, mbwa yuko nyuma yake. Akimfukuza, anakaa chini anasubiri. Akimpiga teke, anapiga chafya na kurudi.

"Mapenzi haya ya nini?" nilimtania siku moja. "Au umempaka mbwa dawa, Bwana Rajabu?"

Hakucheka. Jioni ile alikwenda barazani kwa Mzee Mwinyimvua, akasimama ili majirani wasikie. "Mzee, sisi ni watu wa swala. Mbwa anakula uchafu, kisha anapita penye vyungu vyetu. Na uchafu wenyewe ni wa watoto wa Mama Sitara, hawajafundishwa choo. Mimi nasema mbele ya watu: katika nyumba hii mmoja wetu atoke, mbwa au mimi."

Watoto wangu! Watoto ambao niliwashika mkono mmoja mmoja mpaka chooni, juu ya yale magogo yaliyofunika shimo, yaliyokuwa yakilia kila ukikanyaga! Choo kile kila mpangaji alikilalamikia, na Mzee kila mara alijibu, "Nimesikia." Rajabu peke yake hakuwahi kukilalamikia. Nilipandwa na hasira nikataka kumvua poda yote kwa maji ya dagaa. Mektilda akanishika kanga.

Mzee Mwinyimvua alikuna kidevu. Rajabu alikuwa mpangaji mzuri. Akasema, "Maulidi yangu yamekaribia. Watu watajaa humu. Ikifika siku hiyo mbwa huyu bado anaonekana anakula uchafu, Mektilda, mwanangu, utamrudisha alikotoka."

Mektilda aliingia ndani akafunga mlango. Nilimsikia akilia, kilio cha kubana pumzi, na upande wa pili wa ukuta nami nikalia, machozi yangu yakiwa ya hasira zaidi.

Kesho yake tukaanza kazi. Mimi nilishauri pilipili. Nikaisaga mwenyewe, nikaenda kuinyunyiza kwenye mavi nyuma ya makuti, nimejiziba pua kwa kanga. Pasaka alikula, akapiga chafya, akatoka machozi, akarudi kumalizia. Mbwa aliyekulia mabaki ya supu kali ya Mektilda utamtisha kwa pilipili? Nilikuwa nimemuungia mboga tu. Tukajaribu kamba. Alilia siku nzima hata mwadhini akatuma mtu aulize kuna msiba gani kwetu.

Mwisho Mektilda akafikiri kama mtu wa sokoni. "Mteja akienda kwa jirani humpigi," akaniambia. "Unampa kitu kitamu zaidi, akuzoee."

Akawa anatembea na kopo la utumbo uliochemshwa. Pasaka akisogelea uchafu, Mektilda anapiga makofi na kuita. Mwanzo mbwa alimtazama, akautazama uchafu, akachagua uchafu. Mektilda hakumpiga. Alingoja. Siku nyingine mbwa akasita kidogo, akaja, akapewa kipande kinono. Siku zilivyopita akawa anaacha mwenyewe na kukimbilia kwenye kopo. Kisha, kwa akili zake, akabuni lake: akiona uchafu anakaa mbele yake, anabweka mpaka Mektilda aje na malipo. Bila malipo haondoki.

Basi ikawa shida nyingine. Kuku hawezi kujisaidia bila kutangazwa. Mama wa vyumba vya mbele waliokuwa wakijifanya hawaoni ya watoto wao wakaanza kukimbia na majivu na koleo kabla mbwa hajawataja. Uani kwetu kukawa safi, ila kila alfajiri, mbwa akiwa amefungiwa chumbani ili watu walale, kitu kipya kilikuwa kimewekwa nyuma ya makuti. Na mimi nilikuwa nikiwahesabu wanangu, wote wamelala.

Siku ya maulidi ikafika. Bi Kuruthumu, dada yake Mzee Mwinyimvua, alikuwa jemadari wa pilau katika mtaa ule, naye hakuwa mtu wa kungojewa. Alisema atakuja jua likichomoza. Alikuja mara tu baada ya swala ya alfajiri, na kundi la wanawake, masufuria kichwani, wakaenea uani kote na kuanza kuwasha moto. Mektilda akatoka kuwasaidia kuchambua mchele. Akausahau mlango wazi.

Pasaka alitoka moja kwa moja hadi nyuma ya makuti. Akakaa. Akabweka.

Mektilda alipauka. Nilijua anachowaza: kama leo, mbele ya watu hawa, mbwa akiinamisha kichwa akala, yamekwisha. Alichukua kopo akakimbia, kanga inamvuka. Akachungulia nyuma ya rundo. Akasimama kama aliyepigwa msumari. Kisha akampa Pasaka utumbo, akatugeukia na uso mtulivu kabisa.

"Ni panya tu," akasema.

Pasaka akameza, akakaa palepale, akabweka tena. Akapewa kipande cha pili. Akabweka. Sasa wanawake wakaacha mchele.

"Panya gani huyo haogopi mbwa?" akauliza Bi Kuruthumu.

"Mkubwa kidogo," akasema Mektilda. Alikuwa akimsukuma mbwa kwa mguu, akimvuta, akimbembeleza kwa Kichagga. Mbwa hamsikii. Haki yake aliijua.

Mzee Mwinyimvua akatokea na bakora, tayari kuua panya. Mektilda akajaribu kumzuia njia. "Mzee, niachie mimi." Mzee akampita, akainua bakora, akaishusha polepole.

"Assalamu alaikum, Bwana Rajabu," akasema.

"Waalaikum salaam," ikajibu sauti kutoka nyuma ya makuti.

Alikuwa amechutama pale, kanzu mpya ya maulidi kaikunja magotini, kofia ya vito iliyodariziwa kichwani, poda shingoni. Wanawake walifika yeye tayari yuko huko, wakamzibia njia ya kurudi bila kujua. Bi Kuruthumu alijifunika uso kwa ukaya, lakini jicho moja aliliacha. Mimi nilikaa chini. Nilicheka nikishika mbavu.

"Ulisema mmoja wenu atoke," Mzee akaendelea, kwa upole wa barazani. "Nakusikiliza. Atoke nani?"

 Pasaka akabweka mara moja, kumhimiza.

"Mbwa abaki," akasema Rajabu. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Lile gogo la katikati chooni limepasuka, Mzee. Utotoni nilitumbukia kwenye choo kama kile. Siwezi. Nikikanyaga likalia, miguu inakufa."

Sasa ikawa zamu ya Mzee Mwinyimvua kutazama chini. Mektilda aliondoka, akarudi na kopo la maji, akaliweka upande ule wa makuti, akaugeuzia mgongo, akatandaza kanga yake kati ya Rajabu na macho yetu. Mtu aliyetaka kumnyang'anya mbwa wake! Nilimwona mjinga siku ile. Sasa nadhani alikuwa amenizidi.

Maulidi yalipopita, fundi aliletwa akamwaga sakafu ya saruji chooni badala ya magogo. Rajabu akawa anakwenda kama watu wengine. Pasaka hakuridhika. Mteja wake alikuwa amehamia pengine bila kumuaga, naye akahamia hukohuko. Kila alfajiri alikaa mlangoni pa choo, anasubiri, na Rajabu akitoka tu, anabweka nyumba nzima isikie.

Basi karani wa bohari, na suruali yake nyeupe, akawa anakwenda sokoni jioni kununua utumbo kwa Mektilda. Alfajiri anatoka chooni, anatazama kushoto, anatazama kulia, anainama. "Haya, Pasaka, chukua, nyamaza." Alijifunza hata kumsalimia kwa Kichagga, kama alivyomsikia Mektilda. Mektilda alikuwa akimchungulia dirishani, amejiziba mdomo kwa kiganja, na siku moja nilimsikia akimjibu salamu ile kwa sauti, kwa lugha ya kwao, na Rajabu naye akaitikia.