Ndizi za Mwandishi wa Hirizi

Kwa muuza vitabu mmoja wa Garsen, mama mkulima kutoka Kulesa alifungua kitabu chake cha hirizi. Kurasa za majini alikuwa amezishona kwa uzi zisifunguke.

"Mama, si wewe mtu wa kanisa?" muuzaji akamtania.

"Ndiyo maana nimezishona. Lakini hapa mwandishi anasema hirizi ya adui haishiki mpaka umwendee kwake, ule chakula chake. Nikamwendea yule mfugaji aliyelisha ng'ombe mahindi yangu. Mkewe akanipa maziwa."

"Hirizi ikashika?"

"Ningemwandikia nani tena? Sasa ng'ombe wake wanapita kando ya shamba langu, hawaingii."

Akaweka mkungu wa ndizi mezani. "Mwandishi akileta vitabu vingine, mpe. Mwambie simwamini, lakini asante."

Mimi, mwandishi mwenzake, wasomaji wanaoniamini hawajaniletea hata chane.