Karatasi ya Mama Muchina, na Neno Nililolinyamazia

Asalam aleikum wasimamizi wa page hii, na ninyi wote munaosoma. Nawasalimia wamama, nawasalimia wababa, na watoto walio mukononi mwenu. Hapa kwetu Kasongo tuko. Baba watoto hajambo, kifua tu kinamusumbua asubuhi. Mama mukwe wangu hajambo, bado anakula vizuri na kugombana vizuri. Mutoto wangu wa pili iko shambani, wanavuna karanga. Mapacha wako masomoni. Mimi pia sijambo, ila muguu wangu wa kushoto, na moyo. Ni kwa ajili ya moyo nawaandikia. Munisamehe maandishi, nilisoma mpaka mwaka wa nne wa primere tu. Niko na miaka 49. Jina langu mulifiche sana, kwa sababu mujomba wangu na watoto wake wanapita kwenye page hii kila siku.

Mutoto wangu wa kwanza, tumuite Zaina, aliolewa Salamabila. Bwana yake anachimba zahabu, yeye anafua nguo kwenye kambi ya Wachina. Mimba yake ya kwanza imeingia mwezi wa nane. Kwetu mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama. Mama ndiye anapasha maji, ndiye anamukanda binti, ndiye anamuonyesha namna ya kushika mutoto. Kuni za hiyo kazi niliziweka kando zamani, hata mama mukwe nimemukataza kuzigusa.

Sasa kwenye ile kambi kuna mama mumoja Muchina, muzee, anapikia wenzake. Kiswahili chake kinakatika-katika, lakini anamupenda Zaina, anamuita "Mama Tumbo". Zaina alimuambia anaogopa safari ya kuja kwangu. Yule mama akatoa sarafu tatu za zamani, zenye tundu katikati, akamuambia azirushe mara sita. Kila akirusha, yeye anachora mustari, mwingine muzima, mwingine umekatika katikati, mpaka ikawa sita. Zaina akanitumia ile karatasi kwa motari, yule anayebeba watu kwa pikipiki, na sauti yake kwenye telefone:

"Mama, anasema hii ni picha ya mutu anayechechemea. Mulima iko nyuma, maji iko mbele. Asilazimishe njia. Lakini tena anasema upande jua linazamia ni mzuri, na nimuone mutu mukubwa. Sielewi, mama. Nije ao nibaki? Muonyeshe babu, yeye anajua mistari. Ila umuambie inasomwa kutoka chini kupanda juu, kama mutu anajenga ukuta."

Huyo babu ni mujomba wangu. Anapiga ramli, aliirithi kwa wazee wetu. Ramli yake nayo ni nukta na mistari, lakini yeye anaanzia kichwani anateremka. Alipoiona karatasi akafurahi kama mutoto. "Kumbe Wachina nao wako na ramli? Basi walituibia," akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaweka kidole kwenye mustari wa juu, akaanza kuteremka.

Niliona. Ulimi ulikuwa tayari kusema, mujomba, anza chini. Lakini yeye akatangulia: "Mwanangu, hiki ni kifungo kinafunguka. Njia iko wazi. Muite mutoto."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa na njaa ya neno lile. Nikanyamaza. Na maneno ya yule mama Muchina sikumuambia hata moja. Nikamuachia kuku wake wa malipo, nikafunga karatasi kwenye kona ya kitenge, nikamutumia Zaina sauti kwamba babu amesema njoo.

Juzi mukwe wangu, bwana ya Zaina, akapiga telefone. "Mama, njia imeharibika. Pahali pengine wanabeba moto, pikipiki nzima, kwa mikono katika matope. Na kama ni mutu mukubwa, si ni muganga wa hospitali? Hapa maternite ya kuzalia iko."

Nikamujibu, "Na Kasongo waganga wamekufa?"

Hakubishana, ni kijana wa heshima. Halafu akauliza: "Babu alisoma vile walisema, kutoka chini?"

Nikasema ndiyo.

Hapo sasa nilikuwa nimeongopa kwa kinywa changu. Akasema basi, Ijumaa asubuhi atamupandisha Zaina kwa moto.

Jana nilikuwa natoka kisimani, watoto wa jirani wakaanza wimbo wao: "Mama Chechea, ngoja ndoo isikutangulie." Nimezoea, kila siku wananiimbia. Huu muguu niliuvunja kwenye moto, njia ya Kabambare, na sikuwa hata na mimba. Lakini jana nilisimama, maji yakanimwagikia. Mutu anayechechemea. Nilijiuliza kama karatasi ilikuwa inamusema Zaina ao ilikuwa inanisema mimi, kwamba mimi ndiye ninalazimisha njia.

Nilimugusia baba watoto nusu tu. Akasema, "Wewe, umeanza kusali kwa Wachina?" akageuka upande wa ukuta. Ile nusu ingine hajaisikia.

Nikimuambia Zaina ukweli, atabaki kule azae bila mukono wangu, na atajua mama yake alimuficha kitu. Mujomba naye atajua nilimuacha asome vibaya mbele ya macho yangu. Nikinyamaza, atakuja. Na hata yule mama Muchina alisema upande wa jua kuzama ni mzuri, na kutoka Salamabila upande huo ni kwetu. Lakini akianguka kwenye yale matope nitamuambia nani? Ao nipande mimi, na muguu huu, nimufuate kule?

Wamama wenzangu, wenye mabinti mbali, ingekuwa ninyi mungefanya nini? Musinicheke, munishauri. Leo ni Jumanne. Naomba mujibu haraka, mbele ya Alhamisi jioni, kwa sababu motari wao anaondoka alfajiri ya Ijumaa, na akiisha kuingia porini telefone haimupati tena.