Gurudumu la Dripu ya Baba

Baba alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Sentimita, maana mteja akitaja kipimo chake mwenyewe hakumwamini, lazima ampime upya. Ini lilipoharibika na tumbo kujaa maji, akawa anajipima yeye kila asubuhi. Utepe ulipofika mia na kumi na nne, mimi na mama tukampeleka hospitali.

Walimtoa maji lita saba. Kisha sista akaja na chupa mbili ndogo, dawa yake ya njano.

"Hii ni albumini, imetolewa kwenye damu za watu. Maji yakitoka mengi hivi, presha inashuka, figo zinaweza kugoma. Hii inayavuta maji yabaki kwenye mishipa. Ila iingie taratibu, mzee."

"Damu yenyewe isiwe ya yule fundi jirani yangu," Baba akasema. "Nitaanza kushona suruali mguu mmoja mrefu."

Sista akacheka. Chupa ya kwanza iliisha salama, Baba akachangamka. Ya pili ikatundikwa, sista akaenda kwa wagonjwa wengine. Mama alikuwa nje anafua, mimi nimekaa kitandani kwa Baba nanyonyesha.

"Kitu chenyewe kinadondoka kivivu."

"Sista kasema taratibu, Baba."

"Sista hana sare arobaini mezani. Shule zinafunguliwa Jumatatu."

Kwenye mpira wa dripu kuna kigurudumu cha kuongeza au kupunguza kasi ya matone. Alikizungusha kwa kidole gumba, vilevile anavyolegeza uzi wa cherehani ukibana. Nilimwona. Nikanyamaza, kwa sababu wiki nyingi mkono ule ulikuwa haujafanya kazi yoyote, na uso wake ulikuwa umetulia.

Mtoto hajashiba, Baba akaanza kukohoa. Kifua kikakoroma, povu lenye wekundu likatoka mdomoni. Nilikimbia kumwita sista. Alifunga dripu, akamkalisha wima, akamvalisha oksijeni na kumchoma sindano ya kukojosha.

"Mapafu yamejaa maji. Nani kafungua hapa?"

Baba hakuweza kusema. Aliinua kidole gumba.

Jioni alipumua vizuri kidogo, lakini figo ziligoma, hazikurudi sawa. Aliishi siku tisa. Daktari alituambia ini lilikuwa limekwisha, tusimtafute mchawi.

Baada ya mazishi mama aliniuliza kama nilimwona Baba akigusa dripu.

Nikamwambia nilikuwa nanyonyesha.