Alama Nyuma ya Kichwa cha Gitaa

Gitaa langu lilitoka sehemu nne. Mwili wake ulikuwa wa mti wa mukau, mbao ambayo kwetu Kitui hutengenezewa milango na vitanda kwa sababu mchwa hawaitaki. Shingo ilitoka kwenye gitaa la kanisa lililovunjika spika ilipoliangukia. Sumaku mbili za kunasa sauti ya nyuzi niliuziwa na dereva wa lori pale Mtito Andei. Alikuwa amezifunga ndani ya soksi na hakusema alizitoa wapi, nami sikuuliza. Funguo za kukazia nyuzi zilikuwa sita, tatu za rangi ya dhahabu na tatu nyeusi, nilizookota hapa na pale kama mtu anayekusanya vifungo vya shati.

Aliyeviunganisha vitu hivyo vyote alikuwa fundi wa redio wa Tulia, soko dogo karibu na kwetu. Kazi ilimchukua msimu mzima wa mvua, maana mvua ikinyesha watu wanakuwa shambani na hakuna anayekumbuka redio. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka michache kabla, sina kazi, na kila asubuhi nilikuwa nikienda kukaa kwenye benchi lake kumtazama. Zile sumaku zilikuwa zinapiga mluzi kila zikiunganishwa na spika. Akayeyusha nta ya nyuki kwenye kopo tupu la mafuta ya Kasuku, akazichovya humo, akazitoa. Mluzi ukaisha. Lakini tangu siku hiyo gitaa likikaa juani lilikuwa linanukia asali, na mara nyingi kwenye harusi nyuki mmoja alikuja kulizunguka huku napiga, watu wakacheka.

Mwisho wa kazi alipasha moto msumari mnene, akachoma alama nyuma ya kichwa cha gitaa: upinde mdogo, na mistari miwili chini yake. Ndiyo alama ambayo ukoo wake huchoma kwenye mizinga ya nyuki. Kwetu mzinga unaweza kutundikwa mbali na nyumba miaka na miaka bila mtu kuugusa, kwa sababu anayepita huiona alama na kujua una wenyewe.

Nilikuwa namwita nau, yaani baba, ingawa si baba yangu.

"Nau," nikamwuliza, "sasa gitaa ni langu au ni la ukoo wenu?"

"Ni lako. Lakini likipotea, watu wajue watalirudisha wapi."

Nilitembea nalo miaka zaidi ya ishirini. Nimepiga katika nyumba za kulala wageni kando ya barabara ya Mombasa, katika harambee za kujenga madarasa, na katika makanisa ambamo mchungaji alinitazama vidole kwa mashaka kwa sababu alijua vilikuwa wapi Jumamosi. Nikichoka na mji mmoja, nilihamia mwingine. Nikauza nguo za mitumba, nikauza betri, nikarudi kwenye gitaa. Katikati ya kutembea huko nilioa. Mke wangu ana kipande cha shamba karibu na mto huko Kibwezi, analima nyanya na bamia, na maji ya kunyunyizia alikuwa anayachota kwa ndoo. Mimi nilikuwa napita.

"Wewe hukuja kukaa," aliniambia safari moja. "Ulikuja kubadilisha nguo."

Alisema akicheka, lakini alikuwa anapanga shati zangu mbili alizofua, na hakunitazama. Halafu akaniambia miche ya nyanya iko kitaluni, itahamishwa baada ya wiki tatu. Safari hii nirudi na pampu ya maji nikae naye tulime. Kama sina pampu, nisije na hadithi. Nilimwahidi. Pampu niliyoiona, iliyotumika lakini nzima, ilikuwa elfu kumi na tano. Mimi sikuwa na kitu cha kuuza isipokuwa gitaa.

Lazima niseme kwamba sikuwa na wasiwasi. Niliamini kwamba gitaa lililoundwa kwa mkono, kwa ajili ya mtu mmoja, ni ghali kuliko la dukani. Nililiingiza katika duka la vyombo vya muziki mjini Kitui kama mtu anayepeleka ng'ombe wa maziwa sokoni.

Mwenye duka, kijana msafi sana, aligeuza kichwa cha gitaa huku na huku. "Buda, hii ni ya kampuni gani?"

"Si ya kampuni. Limeundwa."

"Na nani?"

"Fundi wa Tulia."

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha akaanza kulionyesha kwa kalamu, kipande kwa kipande, kama mtu wa bucha. "Shingo nakupa elfu mbili. Sumaku elfu tatu. Hizi funguo zimechanganyika, sizitaki. Mbao unaweza kurudi nayo nyumbani."

"Na likiwa zima?"

"Likiwa zima ni kazi tu ya kulifungua."

Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwamba anayenunua gitaa la kampuni anajua akichoka nalo ataliuza na kurudisha pesa yake, maana jina linajulikana kila mahali. "Sasa la kwako, mzee wangu, litajulikana na nani?"

Nilitoka hapo nikiwa na wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la kijinga. Nyuma ya soko kulikuwa na fundi wa kuandika maandishi kwenye kuta za maduka na malori. Nilimwomba aandike mbele ya kichwa cha gitaa jina la kampuni moja kubwa ya ng'ambo. Sitalitaja, kampuni yenyewe haikunikosea. Aliliandika kwa rangi ya dhahabu, herufi zenye mikia, kazi safi kabisa. Na kwa kuwa ile alama ya nyuma ilionyesha gitaa ni la kienyeji, nilinunua msasa wa shilingi ishirini nikaifuta mwenyewe. Ilichukua muda. Msumari ulikuwa umeingia ndani sana. Nilipomaliza nilipapangusa kwa kiganja, na kiganja kikanukia moshi.

Nikapiga picha, nikaziweka kwenye kundi la wanamuziki kwenye simu. Siku iliyofuata alinipigia mzee mmoja mwenye hoteli ya chakula pale Mtito Andei, ambaye ujanani alikuwa mpigaji gitaa. Aliniambia, "Mwili huo nauona kama naujua. Ulete."

Nilimkuta akikanda unga wa chapati. Akanawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akalipokea gitaa. Hakulitazama mbele hata kidogo. Aliligeuza, akapitisha kidole gumba nyuma ya kichwa, akarudia tena.

"Hapa kulikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu, mzee. Ni la ng'ambo hilo."

Akalilaza juu ya meza polepole. "Basi. La ng'ambo ninalo. Nilikuwa na la yule fundi wa Tulia, nikaliuza ninunue la ng'ambo nionekane. Tangu siku hiyo natafuta mtu mwenye la Tulia aniuzie. Nilipoona mbao hii, nilidhani nimelipata."

"Mzee, samahani. Hili ndilo la Tulia."

"Dakika moja iliyopita lilikuwa la ng'ambo," alisema. "Limesafiri haraka."

Wateja wawili wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Mimi nilianza kueleza, msasa, rangi, mwenye duka, na kila nilivyoeleza nilizidi kuonekana mwongo. Yeye alinisikiliza kwa upole. Kisha akasema kwamba lingekuwa na alama angenipa elfu ishirini hata bila kulipiga. "Mwenye alama bado yuko hai. Yeye akisema ni lake, hata mimi nitasema ni lake. Kunywa chai kwanza. Barabara ni ndefu."

Zilikuwa zimebaki siku tisa miche ihamishwe.

Fundi nilimkuta kwenye benchi lile lile. Redio zimekwisha, sasa anatengeneza taa za sola, na macho yake hayaoni vizuri. Nilisimama mlangoni kabla ya kusalimu.

"Hizo ni hatua za mtu ambaye hajakaa mahali," akasema. "Ingia."

Nilimwekea gitaa mapajani. Vidole vyake vilipanda shingoni hadi kichwani, vikafika kwenye rangi. "Hii ni nini?"

Nikamwambia yote. Nilimaliza nikitazama viatu vyangu.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "uzee huu wote, leo nimekuwa mzungu."

"Nisamehe, nau."

"Na bei ilipanda?"

"Ilishuka."

Hapo alicheka, kicheko cha kifua, akapiga benchi kwa kiganja. Akaniambia nifungue kifuniko cha nyuma. Akainamisha pua kwenye tundu la nyaya, akavuta pumzi. "Nta yangu hii. Ya ule mzinga wa bondeni." Alisema kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wake.

Sharti lake lilikuwa moja: niliondoe lile jina kwa mkono wangu. Alinipa kipande cha chupa, nami nikakwangua dhahabu yote mpaka mbao ikatoka. Yeye alipasha msumari kwenye makaa. Lakini mkono wake ulitetemeka, na macho hayakumsaidia, ikabidi nimshike kifundo cha mkono tuchome pamoja. Upinde ulitoka umeegemea upande mmoja.

"Imepinda, nau."

"Nyuki hawaangalii." Akaweka msumari chini. "Sasa unaliuza?"

"Naliuza. Nimnunulie mke wangu pampu."

"Mnunue pampu, wewe na mke wako," alinisahihisha. "Haya, lipige kidogo kabla hujaenda."

Nililipiga bila spika, nyuzi tupu, sauti ndogo kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili. Yeye aliinama, sikio likiwa karibu na mwili wa mukau. Sijui nilipiga muda gani.

Niliporudi, mzee wa Mtito Andei alipitisha kidole nyuma ya kichwa, akaigusa ile alama mbichi. Akanusa. Alinihesabia elfu kumi na nane.

"Ulisema ishirini, mzee."

"Elfu mbili ni nauli ya ile safari ya ng'ambo."

Sikubishana. Mlangoni nilimsikia akilikaza nyuzi, na nikaenda haraka hadi barabarani kwa sababu nilijua nikilisikia likipigwa ningerudi.

Pampu nilifika nayo Kibwezi miche ikiwa bado kitaluni. Mke wangu aliizunguka mara mbili. Injini ilikuwa ya pampu moja, mpira wa kuvutia maji wa nyingine, na vyote vimefungwa kwa bolti juu ya kipande kinene cha mbao.

"Hii nayo imeunganishwa na nani?"

"Sijui. Niliikuta hivyo."

"Kwa hiyo ikipotea itarudishwa wapi?"

Aliuliza kwa utani tu, maana nilikuwa nimemsimulia mambo ya fundi. Lakini mimi niliingia jikoni, nikatafuta msumari, nikauweka kwenye makaa chini ya sufuria yake ya maharagwe. Ukoo wetu pia una alama. Nilikuwa nimeiona kwenye mizinga ya babu, na nilikuwa nimepita miaka arobaini bila kuichoma juu ya kitu chochote, kwa kuwa sikuwahi kuwa na kitu kinachokaa. Niliichoma kwenye ile mbao, mistari mitatu na kidoti, mke wangu akiwa ameniinamia begani.

"Imepinda," akasema.

Kisha akashika ncha moja ya mpira, akanionyesha nyingine kwa kidevu, tukateremka mtoni.